Maji ya Bethlehemu na Mlima Everest

Leo twataka kusema nanyi juu ya mlima mrefu kuliko yote duniani, na juu ya jamaa moja ya nchi yetu iliyolazimika kuamua neno zito kwa sababu ya mlima huo.

Wengi wenu mwazikumbuka habari hizo. Mwezi wa Mei mwaka 2024 Cheruiyot Kirui, mwana wa Nandi, mfanyakazi wa benki, alikuwa akipanda Mlima Everest huko Nepal. Hakuwa mgeni wa milima. Mlima Kenya aliupanda mara nyingi, na mwaka 2023 alifika juu ya Manaslu, mlima wa nane kwa urefu duniani, wenye mita 8,163. Mkenya mwingine, James Kagambi, alikuwa amekwisha kufika kilele cha Everest mwezi wa Mei 2022, akiwa na umri wa miaka 62, akawa Mkenya wa kwanza kusimama pale. Kirui alitaka kufika bila kuvuta hewa ya mtungi. Tarehe 22 Mei mawasiliano yalikatika. Kesho yake mwili wake ulionekana karibu kabisa na kilele, mita 19 tu chini yake, kwa jinsi ilivyotangazwa. Mwenzake aliyekuwa akimwongoza, Nawang Sherpa, mwenyeji wa Nepal, hakurudi.

Sisi watu wa Uasin Gishu twajua kidogo habari ya hewa nyepesi. Mji wetu uko kama mita 2,100 juu ya bahari, na wanariadha hutoka nchi za mbali kuja kufanya mazoezi hapa kwa sababu hiyo. Mgeni wa Mombasa akipanda ngazi za ghorofa tatu hapa mjini, mwamwona anavyohema. Basi pandeni pamoja nasi kwa mawazo. Lenana, kile kilele cha Mlima Kenya wafikacho watu wengi, kina mita 4,985. Kilimanjaro ina mita 5,895. Everest ina mita 8,849. Huko juu, kila pumzi yampa mtu kama theluthi moja tu ya oksijeni ambayo angeipata pwani. Wapandaji wenyewe huliita eneo lililo juu ya mita 8,000 eneo la mauti, maana hata mtu akikaa kimya mwili wake waendelea kudhoofika, na akili huchanganyika, asiweze kupima jambo kama apimavyo mtu aliye chini.

Ilitangazwa kwamba kabla ya kimya kile, Nawang alisema kwa redio kwamba mwenzake hataki kugeuka, wala hataki hewa ya mtungi. Wako waliomlaumu marehemu kwa neno hilo. Sisi hatutaki kufanya hivyo. Kupanda bila mtungi si jambo lisilopata kutendwa. Reinhold Messner na Peter Habeler walifanya hivyo mwaka 1978, na wengine wakafuata. Tena aliye pale juu haamui kwa akili ile ile tuliyo nayo sisi tunaokunywa chai sasa. Neno tunalotaka kulitazama leo ni lile lililotokea baadaye, huku chini, katikati ya jamaa yake.

Mwajua, wapenzi, jinsi sisi tunavyowazika watu wetu. Mtu akifa Nairobi, akifa Marekani, akifa Ghuba, jambo la kwanza ni kumleta nyumbani. Kamati ya mazishi yakaa, harambee yafanywa, ng'ombe wauzwa. Februari mwaka ule ule wa 2024 mlimwona Kelvin Kiptum, yule kijana wa mbio za marathoni, jinsi watu walivyojaa barabarani kumsindikiza mpaka akazikwa Naiberi. Kwetu mtu asiyezikwa nyumbani ni kama mtu aliye safarini bado. (Ingawa wazee wa Kinandi wa kale wangetushangaa. Kwao wengi wa wafu hawakuchimbiwa kaburi. Mwili ulilazwa nje, mbali kidogo na boma, ukaachiwa fisi. Kaburi la saruji lenye vigae ni jambo la majuzi, nasi twaliongea kana kwamba lilitoka kwa Nuhu.)

Wala hatusemi kwamba kutaka mwili uje nyumbani ni vibaya. Biblia yenyewe yamheshimu mtu mwenye hamu hiyo. Yusufu aliwaapisha ndugu zake wasiiache mifupa yake Misri, na Israeli waliibeba jangwani miaka arobaini, mpaka ikazikwa Shekemu. Fikirini mzigo huo! Hapakuwa na gari la kubebea maiti.

Lakini mlima ule si jangwa. Helikopta haziwezi kufanya kazi ya kubeba maiti karibu na kilele. Mwili ulioganda kwa barafu huwa mzito mno kuliko mtu alipokuwa hai, nao hauwezi kukunjwa. Yahitaji watu wengi wenye nguvu, Washerpa, kuufunga kamba na kuuteremsha hatua kwa hatua mahali ambapo mtu mmoja akiteleza hakuna wa kumdaka. Na wote hao watakuwa wakivuta hewa ile ile chache. Zaidi ya watu 300 wamekufa katika mlima huo tangu watu waanze kuupanda, na miili ya wengi ingali huko.

Liko jambo lililotokea ambalo kila jamaa yenye msiba wa namna hiyo ingefaa kulijua. Mwaka 1979 mama mmoja Mjerumani, Hannelore Schmatz, alifika kilele cha Everest, akafa akiteremka. Mwaka 1984 watu wawili wa Nepal, mkaguzi wa polisi Yogendra Bahadur Thapa na mwenzake Ang Dorje, walipanda ili wauteremshe mwili wake. Wakaanguka, wakafa wote wawili. Watu wawili walio hai walikwenda kumchukua mmoja aliyekwisha kufa, na nyumba mbili zaidi zikaingia matanga.

Jamaa ya Kirui ilikuwa na siku chache tu za kufikiri. Ikatangaza kwamba mwili wake ubaki mlimani, kwa kuwa haitaki uhai wa mtu mwingine utiwe hatarini.

Tulipolisikia neno hilo tulimkumbuka Daudi katika pango la Adulamu, habari iliyo katika Samweli wa pili, mlango wa 23. Wafilisti walikuwa wameshika Bethlehemu, mji wa kwao. Daudi akatamani maji ya kisima kile kilicho penye lango. Twamwelewa kabisa, kila mtu aliye mbali na kwao ana kisima chake anachokiwaza. Mashujaa watatu wakasikia, wakapenya katikati ya jeshi la adui, wakachota, wakamletea. Naye hakuyanywa. Aliyaona kama damu ya watu wale waliohatarisha maisha yao, akayamimina mbele za Bwana.

Angalieni vema. Maji hayakuwa mabaya. Hayakuwa na kosa lo lote. Yalikuwa maji ya nyumbani kabisa, na Daudi alikuwa na kiu ya kweli. Aliyamimina kwa sababu ya bei yake. Tena Daudi aliyamimina baada ya watu wale kwenda na kurudi salama. Jamaa hii iliyamimina kabla mtu ye yote hajatumwa. Hapa, kwa maoni yetu, walifanya vema kuliko mfalme.

Na walioepushwa na hatari ile ni akina nani? Ni vijana wa Nepal ambao huenda jamaa hiyo haitawaona milele, watoto wa watu wengine, wasiosali kama sisi wala kusema lugha yetu. Kama fedha zingalipatikana, wangalikwenda, maana ndiyo kazi yao, nao wana karo za shule za kulipa kama sisi. Mwenye fedha akisema, "Nendeni," maskini hana nguvu ya kukataa. Ndiyo maana ilimpasa mwenye msiba aseme, "Msiende."

Wasikilizaji, msidhani neno hili ni la Everest tu. Mara kwa mara twasikia katika Kenya hii: simu imeanguka chooni, au ndoo imekatika kisimani, mtu ateremka kuitoa. Hewa ya chini ni mbaya, haina oksijeni ya kutosha, azimia. Ndugu yake aruka kumwokoa, azimia. Jirani amfuata ndugu. Jioni wanatolewa watatu. Shimo la mita kumi laweza kuwa na mauti ile ile iliyo mlimani. Tunawasihi, wazee wa kanisa na akina mama wa vikundi, semeni jambo hili katika mikutano yenu. Mtu akianguka shimoni, mwiteni mtu wa zima moto mwenye vyombo vya kupumulia, na mshikeni kwa nguvu yule anayetaka kuruka, hata akiwatukana. Mshikeni mama, mshikeni ndugu. Ni vigumu kumshika mama anayetaka kumfuata mwanawe. Mshikeni.

Na neno moja kwa majirani wa watu wasio na kaburi. Wako wengi katika Bonde hili: jamaa za waliopotea katika ghasia za mwaka 2007 na 2008, waliochukuliwa na mafuriko, vijana waliokwenda kazi ng'ambo wasionekane tena. Msiwaambie, "Angalau mngepata mwili." Wanalijua hilo kila usiku. Musa mwenyewe alipanda mlima Nebo asirudi, na hakuna mtu aliyeonyeshwa kaburi lake. Israeli walimlilia siku thelathini bila kaburi, na kilio chao kilikuwa kilio kamili. Kaeni nao siku hizo. Kileteni chakula vile vile, imbeni vile vile, na mkiulizwa kiti kipi cha mchungaji, kiwekwe vile vile.

Na tuombe. Ee Bwana, uliyeiumba milima na kuijua miili iliyolala huko chini ya theluji, waangalie jamaa ya Cheruiyot Kirui hapa kwetu, na jamaa ya Nawang Sherpa huko Nepal, ambao mtu wao alikwenda kazini asirudi. Uwalinde wale watakaopanda msimu ujao, na hasa wale wabebao mizigo ya wengine. Twaomba kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.