Nani atashota maji siku mama anaenda sokoni?

Maneno yaliyotolewa mbele ya mkutano mkubwa wa wamemba



Nimeombwa niseme juu ya kazi ndani ya nyumba zetu. Ukimuuliza mwanaume wa huku kama bibi yake ana kazi, atakujibu: "Apana, yeye hatumikake, anabakia tu ku nyumba." Kwetu kutumika ni kupata franka. Anayeshota maji, anayetwanga sombe, anayelinda mgonjwa hospitalini, huyo "anabakia tu".

Katika vikundi huwa tunafanya mchezo wa maharage. Kila mtu anapewa punje 24, moja kwa kila saa, anazipanga chini kufuatana na kazi zake. Wababa wanamaliza haraka: ziwa, shamba, kulala, kuongea na wenzao. Kwa wamama punje zinaisha na kazi zingali zimebaki. Ndipo wanaanza kuweka kazi mbili juu ya punje moja: anapika huku ananyonyesha, anaanika ndagala huku anamuangalia mkwe mgonjwa.

Sisi tuliorudi tuna shida yetu ya pekee. Kule Lugufu na Nyarugusu maisha hayakuwa mazuri. Kuni zilikuwa mbali na njia ilikuwa ya hatari kwa wamama. Lakini posho ilitoka PAM, na bomba lilikuwa ndani ya kambi. Boti zilipoanza kutuleta toka Kigoma mpaka Baraka mwaka 2005, wengi walikuta mashamba yamegeuka pori. Bugali uliotoka kwenye mstari wa posho, sasa unatoka ardhini: mihogo inakaa shambani karibu mwaka, kisha kuichimba, kuimenya, kuiloweka siku tatu ao nne, kuianika, kuisaga. Tena mikono imepungua. Shangazi aliyekuwa jirani kambini, aliyekubakilia na mtoto, leo yuko kijiji kingine ao hajarudi mpaka sasa.

Sidharau kazi ya wababa. Mvuvi wa ndagala anakesha ziwani na taa, asubuhi anarudi amechoka, lazima alale. Lakini usiku wa mbalamwezi taa haivuti ndagala vizuri, mitumbwi inapumzika, wavuvi wako nyumbani. Niliuliza kundi moja: siku za mbalamwezi nani anashota maji? Wababa wakacheka. Wamama hawakucheka.

Sasa nifike kwenye mkopo. Sanduku letu linakopesha wamama, na wamama wanalipa vizuri. Hilo wafadhili mnalisoma kwenye ripoti. Mama anachukua mkopo, ananunua ndagala, anazunguka masoko. Franka zinaingia. Lakini maji, mihogo, mtoto mwenye homa, vyote vinamngoja palepale. Tumemuongezea kazi ya pili bila kumpunguzia ile ya kwanza. Basi anayeziba pengo ni nani? Mara nyingi ni binti wa miaka 10 ao 11. Tangu 2019 Serikali imesema shule ya msingi ni ya bure, hakuna minerivali. Binti huyo hafukuzwi shule kwa sababu ya franka. Anabakizwa nyumbani na bido ya lita 20. Kwa maneno mengine, sehemu ya faida ya mkopo inalipwa na mtoto asiyejua kwamba amekopa, na ripoti yetu haina fasi ya kuliandika jambo hilo.

Wengine watasema suluhisho ni kuwaachisha wamama biashara. Mimi sikubali kabisa. Zamani mama aliyeolewa alihitaji ruhusa ya bwana yake kwa mambo mengi ya kisheria. Sheria ya jamaa ya 1987 ilirekebishwa 2016, ruhusa hiyo ikaondolewa. Turudi nyuma tena? Ila ni kweli, sheria haikumpa mama saa ya 25.

Najua maneno ya baraza: mwanaume akionekana na bido, wanasema bibi yake amemulisha dawa. Lakini angalieni mjini. Kijana anasukuma baiskeli yenye mabido matano, anauza maji nyumba kwa nyumba, hakuna anayemcheka. Maji ni yale yale! Mwenye baiskeli ya kupeleka mihogo sokoni anaweza kuipitisha mtoni. Na wakianza watatu wanne pamoja, kicheko kitachoka chenyewe.

Kwa komite naomba mambo mawili. La kwanza, fomu ya mkopo iwe na ulizo moja, lijibiwe mbele ya bwana na bibi: siku za soko, nani atashota maji na nani atabaki na watoto? Kama jibu ni jina la mtoto wa shule, mkopo ungoje kwanza wakubaliane. La pili, mikutano isifanyike tena saa kumi jioni, saa ya kupika.

Wafadhili, nanyi mkitaka kuongeza sanduku, fikirini kwanza mashini ya kusaga iliyo karibu. Inarudisha saa nyingi kuliko semina zangu, nasema wazi.

Komite itasoma fomu mpya mbele yenu mchana huu. Wababa, naomba msitoke kabla.