Tomaso na Theluji ya Kilimanjaro

(Dominika ya Pili ya Pasaka)



Kila mwaka, ifikapo Dominika ya Pili ya Pasaka, Mama Kanisa hutusomea Injili ileile moja, uwe ni Mwaka A, B au C: habari za Mtume Tomaso, aitwaye Pacha, kama tunavyozipata kwa Yohane, sura ya 20. Wenzake wanamweleza kwamba wamemwona Bwana. Yeye anakataa. Anasema hatasadiki kamwe mpaka azione alama za misumari mikononi na autie mkono wake katika ubavu uliochomwa. Kwa sababu hiyo tumezoea kumwita Tomaso mwenye mashaka, tena kwa sauti ya lawama. Lakini Papa Mtakatifu Gregori Mkuu, alipoihubiri Injili hii mwishoni mwa karne ya 6, alifundisha kwamba kutosadiki kwa Tomaso kumeifaa imani yetu kuliko kusadiki kwa mitume wengine. Yeye aliuliza, na sisi sote tukapata jibu.

Tuyatazame basi mashaka yenyewe yalikuwa ya namna gani. Kwanza, Tomaso alitaja waziwazi kitu ambacho kingemfanya asadiki. Pili, hakuwakimbia wenzake. Siku ya nane alikuwamo pamoja nao chumbani, milango ikiwa imefungwa. Tatu, alipoonyeshwa alichokiomba, hakuomba kingine. Alimkiri palepale kuwa Bwana wake na Mungu wake. Mashaka ya namna hiyo Bwana hakuyakataa. Alikuja, akayajibu, ndipo akamwonya asiwe asiyesadiki.

Ndugu zangu, leo napenda tukitumie kipimo hiki cha Tomaso katika jambo linalobishaniwa sana siku hizi, vijiweni, ndani ya daladala, bungeni, na hata uwanjani kanisani baada ya Misa. Ndilo jambo la mabadiliko ya tabianchi, pamoja na swali linaloandamana nalo: tupikie nini, tuwashe taa kwa nini, na mafuta na gesi iliyomo ardhini mwetu tuitoe au tuiache? Wapo wanaosema kwamba habari zote hizi ni uzushi. Baba Mtakatifu Fransisko, katika wosia wake wa kitume Laudate Deum wa tarehe 4 Oktoba 2023, alisikitika kwamba sauti za kubeza jambo hili alizikuta hata ndani ya Kanisa. Hivyo basi haitupasi kudhani kwamba wanaobisha ni watu wa mbali.

Wanaobisha husema hasa mambo matatu. Yatupasa kuyasikiliza kwa heshima, kwa maana hakuna hata moja lililo la kijinga.

La kwanza ni hili: hali ya hewa imekuwa ikibadilika tangu zamani. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilibomoa madaraja na barabara, na babu zetu waliona ukame na njaa kabla magari hayajawa mengi. Hayo ni kweli tupu. Aidha, mafuriko yalipoikumba Rufiji na sehemu nyingi za Kenya mwezi Aprili 2024, watu walibishana: wengine walisema ni El Niño, wengine bwawa, wengine tabianchi. Mtu mwenye busara anajua kwamba maafa yanaweza kuwa na baba zaidi ya mmoja. Anayejenga bondeni hukumbwa na maji hata katika mwaka wa kawaida, na si haki kila tope tulibandike jina la tabianchi ili kuficha uzembe wetu wa kupanga miji na kuzibua mitaro.

Lakini swali la wataalamu si kama hali ya hewa ilibadilika zamani. Wanauliza ni kitu gani kinachoisukuma sasa. Na jibu lao halikutungwa jana na wanasiasa. Mwaka 1859 John Tyndall, huko London, alipima kwa vyombo vyake akaona kwamba baadhi ya hewa zinazotuzunguka, hewa ya ukaa ikiwa mojawapo, hulizuia joto lisipotee, mfano wa blanketi. Mwaka 1896 Svante Arrhenius wa Sweden alikokotoa kwamba kuongezeka kwa hewa hiyo kutaipasha joto dunia. Tangu mwaka 1958 hewa ya ukaa imekuwa ikipimwa juu ya mlima Mauna Loa, katika visiwa vya Hawaii. Wakati ule ilikuwa sehemu kama 315 katika kila sehemu milioni za hewa. Leo imepita 420. Na mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko miaka yote tangu vipimo vya dunia vianze kuwekwa. Hizi ndizo alama za misumari. Anayezitaka zipo, na haombwi kusadiki gizani.

La pili wanalosema linauhusu mlima wetu wenyewe. Mwaka 2002 mtaalamu wa barafu kutoka Marekani, Profesa Lonnie Thompson, pamoja na wenzake, walitangaza kwamba mambo yakiendelea vile, barafu ya Kilimanjaro ingetoweka kati ya mwaka 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita, na barafu ingali inaonekana. Basi mwenye mashaka hucheka akisema: mlituambia itakwisha, mbona ipo?

Swali hilo ni la haki, nalo lijibiwe bila kuzungukazunguka. Tarehe ile haikutimia. Zaidi ya hayo, wataalamu wengine wameonyesha kwamba kupungua kwa barafu ile kulianza tangu mwisho wa karne ya 19, na sababu kubwa ni hewa ya kileleni kuwa kavu kuliko zamani, hata theluji mpya ikapungua na jua likailamba ya zamani. Hata maji ya mto Pangani hutokana zaidi na mvua na ukungu unaonaswa na msitu wa mlimani kuliko barafu yenyewe. Anayehubiri kwamba barafu ikiisha mito yote itakauka ametia chumvi, na anayetia chumvi katika ukweli huwavunja moyo wanaousadiki. Kweli haihitaji msaada wa uongo.

Lakini tusiishie hapo. Ramani ya mwaka 1912 ilionyesha barafu yenye eneo la kilometa za mraba zaidi ya 11. Mwaka 2011 zilikuwa zimebaki pungufu ya 2. Aliyekosea tarehe ya msiba hakukosea kwamba mgonjwa anadhoofika.

Tena mlima huu umekwisha kuwafundisha watu adabu katika ubishi. Mwezi Mei 1848 mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann, aliyekaa Rabai karibu na Mombasa, aliuona weupe ule wa kileleni akaandika kwamba ni theluji. Kiongozi wa safari yake hakuwa na maneno mengi. Weupe ule aliuita baridi. Habari zilipofika Uingereza, mtaalamu wa jiografia, William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki, alikana katakata: theluji karibu na ikweta haiwezekani! Mwaka 1862 Karl Klaus von der Decken na Otto Kersten waliupanda mlima hadi zaidi ya meta 4,000, na huko theluji ikawanyeshea. Hata hapo Cooley hakukubali.

Ndugu wapendwa, hapo mnaona namna mbili za kutaka uthibitisho. Mmoja alipanda mlima. Mwingine alibaki na vitabu vyake, na kila alipoonyeshwa alitafuta sababu nyingine ya kukataa. Zamani walikana kwamba theluji ipo; leo wapo wanaokana kwamba inapungua. Wachaga walioamka kila asubuhi wakaitazama hawakuulizwa wakati ule, na mara nyingi hata leo hawaulizwi.

La tatu ndilo zito kuliko yote, nalo ni la haki. Watu husema: Wazungu walitajirika kwa makaa ya mawe na mafuta, sasa wanatukataza sisi. Hebu tuone. Uingereza ilianza kuzalisha umeme wa makaa ya mawe mjini London mwaka 1882, na mtambo wake wa mwisho wa namna hiyo ulizimwa tarehe 30 Septemba 2024, baada ya miaka 142. Mwezi Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kupinga bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Mwaka huohuo, gesi ya Urusi ilipopungua, Ujerumani iliirudisha kazini mitambo ya makaa ya mawe iliyokuwa imewekwa kando. Afrika ina karibu mtu mmoja katika kila watu watano wa dunia, lakini hewa ya ukaa inayotokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe yake haifiki asilimia 4 ya ile ya dunia nzima. Mwaka 2009, huko Copenhagen, mataifa tajiri yaliahidi kwamba ifikapo mwaka 2020 yatakuwa yakitoa dola bilioni 100 kila mwaka kuzisaidia nchi maskini. Kiasi hicho kilifikiwa mwaka 2022. Nani asiyeona hapa sababu ya watu wetu kuwa na mashaka? Fransisko mwenyewe, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, alisema wazi kwamba nchi tajiri zina deni kwa nchi maskini katika jambo hili.

Hata hivyo tufikiri vema. Mwizi akipiga kelele usiku kwamba nyumba inaungua, wizi wake hauuzimi moto. Tunaweza kumshtaki kwa wizi kesho, tena inatupasa, lakini usiku huu hatuna budi kutafuta maji. Unafiki wa mataifa makubwa ni sababu ya kudai haki. Hauwezi kuwa uthibitisho kwamba mvua zetu hazijavurugika. Na mvua hizo si habari ya wakulima peke yao. Bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji limejengwa kuzalisha megawati 2,115 za umeme, na mitambo yake huzungushwa na maji ya mvua. Taifa lililoweka taa zake mikononi mwa mito haliwezi kufanya mzaha na habari za mawingu.

Na humu nyumbani je? Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwezi Mei 2024, umekusudia asilimia 80 ya Watanzania wawe wakitumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Ulipozinduliwa, zaidi ya wanane katika kila kumi walipikia kuni na mkaa. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba moshi wa majumbani huua mamilioni ya watu duniani kila mwaka. Hapa hata asiyesadiki neno moja la tabianchi hana pa kujificha, kwa kuwa moshi ule ameuona kwa macho yake, na kikohozi cha mama yake amekisikia kwa masikio yake.

Lakini tusimtwike mzigo huu mama lishe, ambaye hununua mkaa kwa kopo kwa kuwa fedha ya leo ni ya leo, na mtungi wa gesi unataka fedha nyingi kwa mara moja. Waanze wenye uwezo. Waanze wenye majiko makubwa: shule, hospitali, seminari na nyumba za watawa. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya mia moja kwa siku zimekwisha kuagizwa na Serikali kuachana na kuni na mkaa. Parokia inayosali kuomba mvua huku nyuma ya jiko lake kukiwa na lundo la magogo inasali kwa mdomo na kujibu kwa shoka.

Wapendwa wasikilizaji, turudi kwa Tomaso. Hakuomba kuuona utukufu wa Bwana, wala kiti cha enzi. Aliomba kuyaona majeraha. Nasi tukitaka uthibitisho, tuutafute mahali hapohapo: kwa mfugaji wa Longido aliyeishuhudia mifugo yake ikifa kwa ukame, kwa mkulima wa Rufiji ambaye shamba lake la mpunga lilizama, kwa mtoto anayesoma karibu na jiko lenye moshi. Uliza maswali, ndugu yangu. Dai vipimo. Mkatalie anayetia chumvi, awe mwanasiasa, mwanaharakati au mhubiri. Lakini jiulize pia swali moja ambalo Tomaso alikuwa amelijibu moyoni mwake kabla ya siku ile ya nane: nikionyeshwa, je, nitakubali? Au nakataa kwa sababu kukubali kutanigharimu? Asiyeweza kutaja kitu chochote kitakachomfanya abadili neno lake ameshafunga shauri kabla ya kusikiliza mashahidi.

Bwana Mfufuka, aliyepita katika milango iliyofungwa, apite na katika mioyo yetu. Atujalie macho ya kuona, uaminifu wa kusema tulichokiona bila kuongeza wala kupunguza, na mikono iliyo tayari kugusa majeraha ya wenzetu na kuyatibu.

Na baraka ya Mungu Mwenyezi, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, iwashukie na kukaa nanyi daima. Amina.