Shamba la Hopsi Huanzia Kwenye Tanuri

Leo tunazungumzia hopsi, mmea unaoipa bia uchungu wake na sehemu kubwa ya harufu yake. Mtu akisoma maandishi madogo kwenye chupa ya bia iliyotengenezwa Dar es Salaam au Nairobi, mara nyingi atakuta hopsi zimetajwa pamoja na maji na kimea cha shayiri, ilhali hazijui hata kwa sura. Zimeletwa kutoka ng'ambo, zikiwa zimekaushwa na kusagwa. Kitu kinachoagizwa kutoka nje kila mwaka humfanya mkulima ajiulize: kwa nini nisikilime mimi? Swali hilo hilo wamejiuliza wakulima wadogo wa Marekani katika miaka ya karibuni, na majibu waliyoyapata yana mengi ya kutufunza. Hoja yangu ni kwamba wengi wao walianzia upande usiofaa. Walianza na miche, nguzo na waya, wakaliacha tanuri, mashine ya kuchumia na mnunuzi kuwa mambo ya baadaye. Katika zao hili, faida na hasara huamuliwa baada ya mmea kukatwa.

Tuchukue Jimbo la New York. Katika karne ya 19 hapo ndipo palipokuwa ghala la hopsi la Marekani. Kufikia mwaka 1880 mashamba yake, hasa katika wilaya za Madison na Otsego, yalikuwa yakitoa zaidi ya pauni milioni 20 kwa mwaka, yaani zaidi ya tani 9,000. Wachumaji walifika kwa treni kutoka mijini, familia nzima nzima, wakalala kambini hadi msimu uishe. Kisha vikaja ukungu na vidukari, yakaja pia mashamba mapya ya pwani ya Pasifiki yaliyovuna zaidi kwa gharama ndogo, na mwaka 1920 Marekani yote ikapiga marufuku pombe. Marufuku ilipoondolewa mwaka 1933, zao lilikuwa limekwisha hamia magharibi. Leo majimbo matatu, Washington, Oregon na Idaho, hulima karibu hopsi zote za nchi hiyo, na kitovu chake ni bonde la Yakima, mahali pakavu penye jua kali na maji ya kumwagilia, ambapo ukungu hauna nguvu sana.

New York iliamua kurudi. Sheria ya viwanda vya bia vya shambani, iliyoanza kutumika Januari 2013, iliwapa nafuu watengenezaji wadogo kwa masharti, mojawapo likiwa kwamba angalau asilimia 20 ya hopsi zao zitoke ndani ya jimbo. Mwaka 2019 sharti likapanda hadi asilimia 60, na mpango ulikuwa kufika 90. Mkulima akisikia hivyo anaona soko limefungwa kwa sheria, mteja hana pa kukimbilia. Eka zikaongezeka kutoka chache zinazohesabika kwa vidole hadi mamia. Baada ya miaka michache baadhi ya nguzo hizo zilikuwa zimesimama bila mmea, na nyingine zimeng'olewa. Sheria ilikuwa bado ikitumika na viwanda vilikuwa vikiendelea kufunguliwa, kwa hiyo sababu lazima itafutwe kwingine.

Uoteshaji wenyewe hauna siri kubwa. Hopsi ni mtambaa wa kudumu. Sehemu ya juu hufa kila majira ya baridi, na ya chini ya ardhi huchipua tena, miaka 15 au 20 na zaidi. Hupandwa majike tu, kwa sababu dume likichavusha, maua hujaa mbegu ambazo mtengeneza bia hazitaki. Nguzo husimamishwa kwa urefu wa mita 5 hadi 6, waya hupitishwa juu, na kila shina huteremshiwa kamba mbili. Kamba hizo, jambo la kufurahisha kwa msikilizaji wa pwani, mara nyingi ni za usumba wa nazi kutoka Sri Lanka, kwa kuwa ni imara, zina makwaruzo ya kushikwa na mtambaa, na huoza shambani zenyewe. Mwezi wa tano mkulima huchagua machipukizi mawili matatu kwa kila kamba na kuyazungusha kufuata mwendo wa akrabu za saa. Adui mkubwa ni ubwiri unyoya na ubwiri unga, na ndiyo maana miche iliyopimwa magonjwa ina thamani kuliko vipande vya bure kutoka kwa jirani. Mwaka wa kwanza mavuno ni kidogo, wa tatu ndipo shamba linapokamilika. Hadi hapo, nguzo, waya, mabomba ya maji na miche vimekwisha kula zaidi ya dola 10,000 kwa eka.

Sasa fika mwezi wa nane, ndipo shamba lianze kujulikana kama ni biashara au bustani. Kila aina ya hopsi ina siku chache tu za kuvunwa ikiwa katika ubora wake. Mkulima makini hapimi kwa macho. Huchukua maua machache, huyapima uzito, huyakausha kabisa, huyapima tena, na kitu kikavu kikifikia kati ya asilimia 20 na 25, huanza kukata. Hapo ana eka moja yenye mimea kama 1,000. Mtu mmoja akichuma kwa mkono humaliza mmea mmoja kwa takriban saa nzima. Piga hesabu: saa 1,000 ndani ya siku 10 ni watu 10 wakifanya kazi saa 10 kila siku bila kupumzika hata siku moja. Kwa mishahara ya Marekani, hesabu hiyo imekwisha kufa kabla ya kiwanda kununua hata gunia. Kwa hiyo inatakiwa mashine, na mashine nyingi za wakulima wadogo wa huko ni mitumba ya Wolf kutoka Ujerumani, inayogharimu makumi ya maelfu ya dola. Mwenye eka moja na mwenye eka kumi wanahitaji mashine ile ile.

Maua yakitoka kwenye mashine, karibu robo tatu ya uzito wake au zaidi ni maji. Yakirundikwa kwa saa chache hupata joto yenyewe na kuanza kuoza. Lazima yaingie tanurini siku hiyo hiyo, hewa ipite kwa nguvu, joto lisizidi nyuzi 60, mpaka unyevu ushuke hadi asilimia 8 au 10. Yakibaki na unyevu zaidi, hupata kuvu ndani ya robota, na marobota ya namna hiyo yamewahi kuwaka moto ghalani bila mtu kuyagusa. Yakikauka kupita kiasi, hupukutika, na ule unga wa manjano uitwao lupulini, ambao ndio bidhaa yenyewe, hubaki sakafuni. Kilo 4 mbichi huwa kilo 1 kavu. Baada ya hapo zinasagwa na kushindiliwa kuwa vidonge, zinafungwa kwenye mifuko iliyoondolewa hewa, zinapimwa maabara kujua asidi za alfa, zile zinazoleta uchungu, na kuwekwa kwenye baridi. Hapa pana jambo ambalo wengi walilipuuza. Cascade, aina iliyotolewa mwaka 1972 na inayopendwa sana na wakulima wadogo, ikiachwa miezi 6 katika nyuzi 20 hubaki na karibu nusu tu ya asidi zake za alfa. Mtengeneza bia aliyenunua maua makavu ndani ya mfuko wa kawaida mwezi wa tisa hana uchungu anaoutegemea mwezi wa tatu. Hatarudi kununua, na hatakuwa amekosea.

Mtu atasema: basi tuyauze mabichi, kiwanda kiko jirani. Ni kweli, bia ya hopsi mbichi ipo, na wanywaji huisubiri kila vuli. Lakini maua mabichi yanatakiwa kufika kwenye chungu ndani ya siku moja, na kiwanda kidogo hakina vyungu vya kupokea mavuno yote ya eka kwa wiki moja. Bia hiyo ni karamu ya mara moja kwa mwaka. Inatangaza jina la shamba vizuri, ila haiwezi kulipa deni la nguzo.

Mwingine atasema tatizo ni kwamba hawakulima aina zinazotakiwa. Pingamizi hili lina uzito zaidi. Wanywaji wa bia za kisasa zenye harufu ya embe na machungwa wanaulizia Citra na Mosaic, na aina hizo zina wenyewe. Haki za kuzizalisha ziko mikononi mwa makampuni ya uzalishaji mbegu, ambayo huruhusu mashamba yaliyochaguliwa tu. Mkulima mdogo wa New York hubaki na aina za umma kama Cascade, Chinook na Centennial, ambazo Yakima pia inazo, tena kwa wingi na kwa bei ya chini. Kwa maneno mengine, anashindana pale pale ambapo mkubwa ana nguvu zaidi. Chuo Kikuu cha Cornell kimekuwa kikizalisha aina mpya kwa ajili ya jimbo hilo, na naona hiyo ndiyo njia yenye akili zaidi iliyochukuliwa huko, kwa kuwa kitu kisicholimwa kwingine hakina mshindani wa bei. Hata hivyo, aina mpya iliyokaushwa vibaya ni majani makavu tu.

Pingamizi la tatu linatoka Ujerumani. Hallertau, katika Bavaria, ni miongoni mwa maeneo makubwa zaidi ya hopsi duniani, na mashamba yake ni ya familia. Je, hilo halionyeshi kwamba mdogo anaweza? Linaonyesha, lakini tazama mdogo wa huko ni nani. Shamba la wastani lina karibu hekta 20, lina mashine yake na tanuri lake, na wakulima wengi huuza kupitia chama cha ushirika, HVG, kinachoingia mikataba ya miaka kadhaa na viwanda. Tangu mwaka 1929 sheria ya Ujerumani inadai hopsi zithibitishwe asili yake. Mkulima wa Hallertau hauzi mwenyewe mlangoni, wala hajengi jina lake kutoka sifuri. Ushahidi huu unaunga mkono hoja yangu: kinachowashikilia wadogo wale ni mitambo na soko vilivyokuwapo kabla ya mche wa leo kupandwa.

Kuna hesabu nyingine ambayo watu hawapendi kuifanya. Bia nyepesi ya kawaida hutumia gramu 1 au 2 za hopsi kwa lita. Eka moja ikitoa kilo 500 kavu, kwa gramu 2 inatosha lita 250,000. Hata kwa bia yenye hopsi nyingi, tuseme gramu 6, ni zaidi ya lita 80,000. Kiwanda cha mtaani hakifikishi hapo kwa haraka, na hakiwezi kutumia aina moja tu. Eka tatu katika wilaya moja zinaweza kujaza mahitaji ya viwanda vyote vya jirani, na eka ya nne ikaanza kushusha bei. Wakubwa nao hawako salama: eneo lililolimwa katika majimbo matatu ya magharibi lilikuwa karibu eka 60,000 mwaka 2021, na kufikia 2024 lilikuwa limeshuka hadi karibu 45,000, kwa sababu maghala yalijaa na watu walipunguza kunywa bia. Ziada ya namna hiyo ikimwagwa sokoni, mwenye eka mbili hana pa kujificha.

Je, hopsi zinaweza kulimwa kwetu, tuseme Njombe ya Tanzania au Kinangop ya Kenya? Mmea huu huongozwa na mwanga. Unataka siku ndefu ili upande juu kwanza, kisha siku zikianza kufupika utoe maua. Kwetu karibu na ikweta mchana ni takriban saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo hopsi huchanua zikiwa bado fupi na mavuno huwa haba. Baridi ya kulala haionekani kuwa kikwazo kama ilivyodhaniwa. Mwaka 2019 mtafiti William Bauerle wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado alionyesha kwamba mmea unaweza kuchanua bila kuipitia. Florida wanawasha taa usiku na kuvuna. Huko George, Afrika Kusini, nako walitumia taa kabla ya kuzalisha aina zao zinazostahimili siku fupi, kama Southern Star na Southern Promise. Kwa hiyo inawezekana, kwa gharama ya umeme au kwa miaka ya uzalishaji wa mbegu. Lakini George ilikuwa na kampuni ya bia inayongoja zao hilo tangu mwanzo, na hapo ndipo tofauti ilipo. Kenya ilikwisha kuona jambo hili kwa mtama: bia ya Senator Keg iliwapa wakulima mkataba, nao wakalima; serikali ilipoitoza ushuru mwaka 2013, mauzo yakaporomoka na mtama ukakosa mnunuzi, mpaka nafuu iliporudishwa.

Kwa anayetaka kuanza mahali panapofaa, mpangilio wa kazi ni huu. Kwanza aende viwandani na kuuliza maswali ya mnunuzi: mnatumia aina gani, kilo ngapi, kwa vidonge vya uzito gani, na mnalipa lini. Pili atafute tanuri na mashine ya vidonge iliyo ndani ya safari ya saa moja. Kama haipo, akusanye wenzake watano sita wajenge moja, na makubaliano ya zamu za kuvuna yaandikwe kabla ya nguzo kusimama. Zamu hizo ndizo huvunja ushirika, maana kila mtu anataka siku ile ile. Wakipanda aina tofauti zinazokomaa kwa kupishana, mashine moja huhudumia mashamba kadhaa, mahali kama New York kuanzia katikati ya Agosti hadi katikati ya Septemba. Tatu apande robo eka, akaushe, apeleke sampuli maabara, na karatasi ya majibu aiweke mezani kwa mtengeneza bia. Mtengeneza bia huyo asipotaka kusaini mkataba wa miaka mitatu baada ya kuiona karatasi hiyo, robo eka inatosha.