Nyama Isiyoliwa Ijumaa Ni ya Nani?

Wasikilizaji, Jumatano ya Majivu ina kitendawili chake. Injili inayosomwa siku hiyo katika makanisa ya Kikatoliki, Mathayo sura ya 6, inamtaka anayefunga anawe uso ili watu wasitambue kuwa anafunga. Dakika chache baadaye padre anachovya kidole gumba katika majivu, yaliyotokana na matawi makavu ya Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita, na kumchora muumini msalaba kwenye paji la uso. Hanawi mtu. Wengine hufika nayo kazini, na wenye simu hupiga picha.

Lakini sura hiyohiyo ina jambo zito zaidi, nalo ni mpangilio wake. Yesu anaanza na sadaka, anafuatisha sala, na kufunga kunakuja mwisho. Mitaani tumepindua: Kwaresima ikiingia, swali la kwanza ni nani ameacha bia, nani ameacha nyama, nani soda.

Na sheria yenyewe wala si kali. Kanisa Katoliki linadai mfungo siku 2 tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa wenye umri wa miaka 18 hadi 59: mlo kamili mmoja, na kidogo cha kusogeza siku. Ijumaa nyingine ni kuacha nyama. Kwa familia inayoionja nyama Krismasi na Pasaka, hapo hakuna kilichoachwa. Na kwa mkazi wa Tanga au Mombasa, Ijumaa ya samaki wa kupaka ni karamu. Mwaka 2025, Kwaresima na Ramadhani zilipoingiliana, majirani Waislamu waliokaa bila hata tone la maji hadi magharibi walikuwa na haki ya kutabasamu.

Penye maumivu ni kwenye sadaka: ulichokiacha mezani kimfikie mwenye njaa. Mwaka 1958 maaskofu wa Ujerumani, kwa wito wa Kardinali Josef Frings wa Cologne, walianzisha Misereor, shirika la kupambana na njaa na umaskini, ambalo hadi leo hukusanya mchango wake mkubwa Kwaresima na kufadhili miradi barani Afrika. Nchini Kenya maaskofu huendesha Kampeni ya Kwaresima kila mwaka: jumuiya ndogondogo hukaa kujadili ufisadi, ardhi na ajira kwa vijana, kisha waumini huchanga.

Basi msikilizaji unayefunga, Ijumaa hii ulizia bei ya nusu kilo ya nyama kwenye bucha lako, uitoe mfukoni, umpelekee jirani aliyelala njaa. Usiiweke akiba ya pilau ya Pasaka.