"Mfumo umesema": mashine ikiandika programu, nani anajibu?

(Hii ni mada iliyotolewa kwenye semina ya vijana wa chama. Mtoa mada ni mwanachama mwenzetu anayeongoza timu ya waandishi wa programu jijini Dar es Salaam. Wengi mliomba maandishi yake, tumeyaweka kama alivyozungumza.)



Aliyenialika alitaka nije kuzungumzia fursa za akili mnemba kwa vijana. Nilianza kuiandaa hiyo, nikafika katikati nikaona nawadanganya. Fursa zipo, sikatai, ila zimeshasemwa sana na watu wenye suti nzuri kuliko mimi. Naomba nianze na kosa nililolifanya mwenyewe.

Mwaka jana timu yangu ilipata kazi kwa kampuni moja inayokopesha pikipiki madereva wa bodaboda. Unachukua pikipiki, unalipa kila siku kwa simu, ukichelewa unapigwa faini ya shilingi 2,000. Sisi tulitakiwa kuandika upya ile sehemu ya mfumo inayohesabu nani kachelewa. Kijana wangu mmoja, mzuri tu, mwaka wa kwanza kazini, akaielezea akili mnemba anachotaka, ikamwandikia ndani ya dakika chache. Akaiambia iandike na majaribio ya kuhakiki. Yote yakapita, kijani tupu. Akaniletea niidhinishe.

Siku hiyo nilikuwa na nyingine kumi na kitu zinanisubiri, maana siku hizi kila mtu analeta kazi mara tatu ya zamani. Nikapitisha macho. Imepangwa vizuri kuliko ninavyopanga mimi, ina maelezo ya Kiingereza safi. Nikaidhinisha, nikaenda kula.

Wiki ya tatu akaja dereva ofisini. Alishapiga simu huduma kwa wateja mpaka kachoka, kila siku anajibiwa kitu kimoja: mfumo unasema umechelewa. Sijui alipataje jina la ofisi yetu. Hakugomba. Alitoa simu yake akaanza kutuonyesha meseji za miamala, moja baada ya nyingine. Saa 3:40 usiku. Saa 4:15 usiku. Saa 5 kasoro. Kila siku kalipa, na kila siku kapigwa faini.

Ndipo tukakaa chini. Kumbe mtandao wa simu ulikuwa unatuletea muda wa muamala ukiwa tayari ni saa za hapa kwetu. Ile mashine ikadhani ni saa za kimataifa, zile za Greenwich, ikaongeza saa tatu ili ziwe za Afrika Mashariki. Kwa hiyo mtu akilipa saa 3:40 usiku, mfumo unaandika saa 6:40 usiku, yaani siku imeshageuka, kachelewa. Aliyelipa mchana hakuguswa kabisa. Aliyelipa baada ya saa 3 usiku akageuzwa mdaiwa sugu. Na nani analipa usiku? Ni yule anayekesha kijiweni mpaka hesabu itimie. Na yale majaribio ya kijani yalipita kwa sababu aliyeandika kazi na aliyeisahihisha ni mtu mmoja. Samahani, mashine moja, yenye dhana ileile.

Pesa zilirudishwa. Lakini madereva wawili walikuwa wameshanyang'anywa pikipiki. Mmoja tulipompigia kumwambia aje achukue, alisikiliza mpaka mwisho, akakata simu.

Kwenye kikao cha kutafuta chanzo, kijana wangu akasema ni AI. Mteja wetu naye miezi yote alikuwa anasema ni mfumo. Mimi nikafungua kumbukumbu za ule mradi, palipoandikwa "imeidhinishwa na", nikakuta jina langu.

Makamanda, nimeisimulia yote hiyo kwa sababu ndiyo kazi yetu ya sasa ilivyo. Zamani, na zamani nasema miaka mitano tu nyuma, kitu cha ghali kilikuwa kuandika msimbo. (Sisi wenyewe tunaita kodi, lakini kwenye hadhara ya chama nikisema nimekaa usiku kucha naandika kodi, mtadhani nimehamia TRA.) Mwaka 2021 ikaja GitHub Copilot, ikawa inakumalizia mstari. Mwishoni mwa Novemba 2022 ikaja ChatGPT. Leo kuna zana unazipa kazi nzima, zinafungua mafaili zenyewe, zinaandika, zinajaribu, zinakuletea. Oktoba 2024 mkuu wa Google alisema zaidi ya robo ya msimbo mpya wa kampuni yake inaandikwa na akili mnemba, kisha wahandisi wanaupitia na kuukubali. Watu wengi walishika nusu ya kwanza ya hiyo sentensi. Kazi iko kwenye nusu ya pili.

Maana kupitia msimbo ambao hukuuandika ni kazi ngumu kuliko kuuandika. Ukiletewa na mtu unaweza kumuuliza, bwana hapa kwa nini umeongeza saa tatu? Atakujibu, au atajikuna kichwa, na ukiona anajikuna umeshajua pa kuangalia. Mashine haijikuni kichwa. Inakujibu kwa adabu, kwa uhakika, hata pale inapokosea. Kiongozi wa timu ambaye zamani alikuwa anagawa kazi na kukwamua waliokwama, leo amegeuka msomaji. Na anasoma akiwa amechoka.

Kuna utafiti mmoja wa 2025 wa taasisi ya METR ya Marekani ambao nausimulia kila mahali. Walichukua wahandisi 16 wazoefu, wakawapa kazi 246 kwenye miradi wanayoijua vizuri, nyingine kwa msaada wa akili mnemba, nyingine bila. Zile za msaada zilichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19. Hilo halijanishtua sana. Ni watu wachache, na zana zinabadilika kila mwezi. Kilichonishtua ni kwamba walipoulizwa baada ya kumaliza, wenyewe waliamini zimewaharakisha kwa asilimia 20. Mtu kacheleweshwa na anashukuru kwa kuharakishwa! Msinielewe vibaya, mimi naitumia kila siku na sitaacha. Ila siamini tena hisia yangu kuhusu kasi.

Sasa tuje kwenye ajira, maana najua wengi hapa mmesoma IT na mko nyumbani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliangalia takwimu za mishahara za Marekani, wakakuta ajira ya waandishi wa programu wenye miaka 22 hadi 25 ilikuwa imeshuka kwa karibu asilimia 20 kufikia Julai 2025, ukilinganisha na kilele chake mwishoni mwa 2022. Wakubwa wao kiumri hawakuguswa hivyo. Hiyo ni Marekani. Hapa naweza kusema la ofisini kwangu tu: nilikuwa napokea vijana wanne kwa mwaka wa mafunzo kwa vitendo, mwaka huu nimepokea mmoja. Zile kazi ndogondogo nilizokuwa nawapa ili wajifunze, sasa zinaisha kabla chai haijapoa.

Naona aibu kulisema hilo mbele yenu, lakini ndio ukweli. Na nikilala najiuliza, baada ya miaka kumi nani atakuwa na jicho la kugundua zile saa tatu? Gereji hakuna fundi aliyeanza na injini. Alianza kwa kuosha vipuri na petroli, akatukanwa, akashika spana namba siyo, akaharibu nati, akajua. Sisi tumemfukuza anayeosha vipuri, halafu tunasubiri mafundi wakuu waanguke kutoka mbinguni.

Kuna jambo jingine linatuhusu sisi zaidi. Oktoba 29, 2025 intaneti ilizimwa nchi nzima, na yaliyotokea siku zile mnayajua, sitayarudia hapa. Nataka niseme kitu kidogo tu cha kazini. Tuliporudi ofisini nilimuuliza kijana mmoja, zile siku ulizokuwa ndani na laptopu yako umefanya nini? Akasema, "Kaka, nilishindwa hata kuanza." Ni mtu mwenye digrii. Mwenzake, ambaye alijifunzia kwenye vitabu vya kudurufu, alimaliza kazi yake yote kwa umeme wa jirani. Ujuzi wako ukikaa kwenye seva ya mtu ng'ambo, anayeshika swichi ya intaneti ameshika na ujuzi wako. Wapinzani tuna sababu zetu za kulifikiria hilo kuliko watu wengine.

Na sasa siasa yenyewe. Uingereza, shirika la posta lilifunga mfumo wa mahesabu ulioitwa Horizon kuanzia 1999, uliotengenezwa na Fujitsu. Mfumo ukawa unaonyesha upungufu wa fedha kwenye vituo vidogo vya posta. Wasimamizi wa vituo wakasema hatujaiba. Wakaambiwa kwa maneno mengine kile alichoambiwa dereva wangu wa bodaboda. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani. Wengine walifungwa, wengine waliuza nyumba, wapo waliojiua. Mahakama za kule zilikuwa zinachukulia kwamba kompyuta iko sahihi mpaka pale ithibitishwe vinginevyo, na mama wa dukani kijijini atathibitishaje? Bunge lilikuja kufuta hukumu zile kwa sheria mwaka 2024. Robo karne, jamani! Na mfumo ule uliandikwa na binadamu watupu, wenye majina, ambao wangeweza kuulizwa.

Ndiyo maana napendekeza vijana tulibebe hili kama hoja ya chama. Serikali yetu nayo itaitumia akili mnemba kuandika mifumo yake, na sina tatizo na hilo. Nataka tu kila mfumo unaomwamulia mwananchi jambo, awe anaomba mkopo wa chuo, kitambulisho, au anatafuta jina lake kwenye daftari la wapiga kura, uwe na mtu mwenye jina na cheo aliyeusoma na kuuidhinisha, na mwananchi awe na mlango wa kugonga akisema mfumo umekosea. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 tayari inagusa haki ya mtu pale uamuzi unapofanywa na mashine peke yake. Wangapi hapa mmeisoma? ... Naona mikono mitatu. Tuanzie hapo kabla hatujadai nyingine.

Lakini tusijidai watakatifu. Nimesikia mfumo mpya wa kadi za uanachama wa mkoa wetu umeandikwa wikiendi moja na kamanda mmoja pamoja na akili mnemba, na watu wamempongeza sana. Hongera yake, kweli. Nimeingia kuutazama jana usiku: mwanachama aliyesajiliwa na majina mawili unamtoa kwenye orodha ya wapiga kura wa ndani, bila kumwambia, kwa sababu unataka majina matatu. Bibi yangu ana majina mawili. Siku ya uchaguzi wa tawi akifika mlangoni na kadi yake ya tangu mfumo wa vyama vingi uanze, yule kijana wa mezani atamwambia nini?

Nimeshamwandikia Katibu. Nimeomba vitu viwili: wale waliotolewa warudishwe kabla ya mwisho wa mwezi, na jina la anayeusimamia mfumo liwekwe ukurasa wa kwanza pamoja na namba yake ya simu. Amenijibu kwamba atalipeleka kwenye kikao cha Jumamosi. Katibu mwenyewe yupo, amekaa pale nyuma, mnaweza kumuuliza. Haya, karibuni kwa maswali.