Ua Lisilofanana na Ua: Mazungumzo kwa Vijana Wachoraji wa Nunguni



Mwaka 1938, msafara wa Jumba la Makumbusho la Coryndon, Nairobi, ulikwenda kwenye Milima ya Chyulu, ambayo sehemu yake iko katika kaunti hii ya Makueni. Alikuwemo Peter Bally, mtaalamu wa mimea, pamoja na mkewe, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Joy Adamson. Wengi humkumbuka kwa simba Elsa. Lakini kabla ya simba kulikuwa na maua, na mwaka 1947 michoro yake ya mimea ilimpatia medali ya dhahabu ya Grenfell kutoka Uingereza.

Kazi yake ilikuwa ya usahihi. Petali zikiwa tano, zilichorwa tano, ili mtaalamu aliye mbali autambue mmea. Uchoraji dhahania una kazi nyingine, ila si kimbilio la asiyejua kuchora. Anayetaka kuacha kitu sharti kwanza akijue.

Mfano ni mshubiri, yaani kiluma. Siku ya kwanza uchorwe ulivyo, miiba na madoa yake yote. Halafu uchorwe tena bila madoa. Kisha bila miiba. Kufikia mchoro wa sita au wa saba huenda yakabaki mapinde machache tu yanayotoka katikati, mazito upande wa chini kwa sababu ya maji yaliyohifadhiwa ndani. Hapo ndipo mchoraji huamua: je, bado ni kiluma? Kama sivyo, arudi nyuma hatua moja.

Jambo hili si geni Ukambani. Akina mama wanaosuka viondo hawachori jani hata moja, bali mistari na pembe tu. Hata hivyo mti umo ndani: nyuzi ni za mkonge, zamani zikiwa za gome la mbuyu, na rangi ya kahawia hutokana na gome la muuku. Asiye na pesa za rangi za dukani anaweza kuchekecha udongo mwekundu wa Kilungu na kuuchanganya na gundi. Tatizo ni kwamba muuku hukatwa kwa makaa, na ukibanduliwa gome kuuzunguka shina lote, hufa. Basi gome libanduliwe kidogo, upande mmoja tu.

Soko nalo lisifichwe. Wageni wengi bado hununua twiga na machweo ya jua, na mchoro dhahania unaweza kukaa ukutani mwaka mzima bila kuulizwa bei. Kijana aingie akilijua hilo.

Karatasi ziko mezani. Kiluma kiko nje kando ya ukuta. Leo ni miiba na madoa, hakuna kuruka hatua.