Kuiandaa Kompyuta Kabla ya Kipindi cha Kwanza cha Programu za Kisayansi



Nimeombwa nizungumzie maandalizi ya kompyuta ya mwanafunzi anayeanza kujifunza kuandika programu za kisayansi. Nitajikita kwenye Python, kwa kuwa ndiyo lugha inayotumika sana katika kozi za aina hii. Ninachosisitiza ni kwamba usakinishaji umalizike kabla ya kipindi cha kwanza, tena bila kumtegemeza mwanafunzi kwenye intaneti.

Wakufunzi wengi huelekeza watu wapakue Anaconda, ambayo huja na karibu kila kitu. Tatizo ni uzito wake. Faili la kusakinishia hukaribia gigabaiti moja, na likishafunguka hula gigabaiti kadhaa za diski. Kwa anayenunua bando la siku na anayetumia mpakato wa mtumba, huo ni mzigo. Faili la kusakinishia Python yenyewe kwenye Windows halifiki hata megabaiti 40. Ukiongeza NumPy kwa hesabu za safu, Matplotlib kwa grafu na Jupyter kwa daftari, muhula wa kwanza umetosheka.

Vifurushi hivyo mkufunzi avipakue mara moja kwa amri ya pip download, avitie kwenye flashi (iliyokaguliwa virusi, maana flashi za vyuoni tunazijua). Mwanafunzi atasakinisha kwa pip install akiongeza --no-index na --find-links, ili pip itafute ndani ya folda ile badala ya mtandaoni. Sharti ni moja, nalo halina huruma: mfumo endeshi na toleo la Python vilingane. NumPy iliyoandaliwa kwa Python 3.11 haikubali 3.12, na ya Windows ya biti 64 haiingii kwenye Python ya biti 32. Kwa hiyo orodha ya kompyuta za darasa ikusanywe mapema.

Kwenye Windows, dirisha la kwanza la usakinishaji lina kisanduku cha kuiweka Python kwenye PATH, yaani orodha ya folda ambamo Windows hutafuta programu. Wengi hukiruka. Baadaye wanaandika python kwenye dirisha la amri, wanafunguliwa duka la Microsoft, na wanadhani wameharibu mashine. Windows pia huficha viishio vya majina ya faili, hivyo hesabu.py huenda kumbe ni hesabu.py.txt. Na yupo atakayeliita faili lake numpy.py; akiagiza NumPy, Python italichukua hilo lake, na makosa yatakayojitokeza huenda yasimwambie chanzo. Mambo haya hayamo kwenye mitaala, lakini ndiyo yanayokula saa za maabara.

Kila kozi iwe na mazingira yake ya Python, yanayotengenezwa kwa python -m venv, hasa kwenye Linux, ambako mfumo wenyewe hutegemea Python yake na haifai kuguswa.

Google Colab, inayoendesha programu mtandaoni, inamfaa mwenye kompyuta dhaifu, ila mtandao ukikatika, kazi imesimama. Isiwe njia kuu.

Naomba basi tukubaliane hili: wiki moja kabla ya kozi, kila mwanafunzi aendeshe programu fupi inayoandika toleo la Python na la NumPy, kisha ichore mkunjo wa sine. Asiyeleta mchoro huo aitwe maabara na kompyuta yake, asaidiwe kabla wenzake hawajaanza.